Gusa Boneti Kabla ya Chai

Gari liligoma kuwaka, na Oliva alikuwa ndani yake anatoka damu. Ilikuwa Julai, alfajiri, majani yote yamekuwa meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayoanguka huku kwetu milimani. Tulikuwa wanaume watano nyuma ya pikapu, tunasukuma.

Gusa boneti kabla ya chai. Juzi pale dukani mlimsikia Mama Anjela akimtupia Fidelis maneno hayo, Fidelis alipokuwa anajisifu kwamba amepata pikipiki ya mkononi, iliyokwisha kutumika, kwa mtu mwenye roho nzuri, kila akienda kuitazama anapikiwa. Mkacheka. Mkadhani ni utani wa madereva. Sasa mnaniuliza msemo huu umetoka wapi. Haukutoka kwa wazee wa zamani. Umetoka hapa hapa kijijini, na nilikuwepo. Ulianza namna hii.

Lukelo Mtewele mnamfahamu. Wakati huo alikuwa kijana, ameoa, na mkewe Oliva alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili. Ya tatu ikashika. Walikuwa wanaiogopa hata kuitaja. Oliva alisema tu "huyu" na kuweka mkono tumboni. Alipokwenda kupimwa mjini Njombe, akaambiwa kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Nesi hakuzungusha maneno.

"Mama, siku ukiona damu, hata kama huumwi popote, njoo. Usisubiri kuche. Tena mimba ikifika miezi minane, tafuteni chumba hapa mjini, ukae karibu na sisi."

Tangu siku hiyo Lukelo akawa mtu wa kushtuka. Mkewe akikohoa, anasimama. Akichelewa chooni, anamfuata. Kutoka kwetu hadi mjini ni zaidi ya saa nzima kwa gari, na kijiji kizima hakikuwa na gari. Basi lilikuwa moja, likishuka asubuhi na kupanda jioni. Akaona dawa ya hofu yake ni kununua chombo chake mwenyewe. Baba yake alikuwa amemwachia shamba la misindano. Miti ilikuwa bado michanga, mtu mwenye akili angeisubiri. Lukelo akaiuza ikiwa imesimama, na ardhi yake pia.

Hela ile ilitosha kimoja kati ya vitu viwili. Angeweza kununua guta jipya dukani, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo. Au angeweza kununua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika.

Oliva alitaka guta. "Mimi nataka kinachowaka," alisema. "Kiwe na magurudumu matatu, kiwe na mawili, lakini nikisema twende, kiwake."

Ezekia, baba mdogo wa Lukelo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mke mwenye mimba umpandishe kwenye guta? Kwenye baridi hii, na barabara hii ya mashimo? Mwanangu, huyo si gunia la viazi. Mjini utafika na mke, au utafika na uji?"

Msimcheke Ezekia. Alichosema kilikuwa na maana. Guta halina kibanda, linaruka kama mbuzi, na mlima wa kwetu linaupanda kwa kuomba Mungu. Pikapu ina kiti, ina mlango, ina kioo cha kuzuia upepo. Tena baadaye ingebeba viazi vingi zaidi. Kwa hiyo Lukelo alipochagua pikapu hakukosea hapo. Watu wengi wakisimulia habari hii wanamlaumu kwa hilo, nami siku zote nawakatalia.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mzee Kastori Mlowe, aliyekaa pembeni ya mji. Mzee huyu hakuwa mtu baki. Mwanawe ndiye aliyemwoa Yustina, dada yake Lukelo. Ndiyo maana Lukelo alimwendea kwa moyo mweupe. Alijiambia kwamba mkwe hawezi kukuuzia kitu kibovu wakati dada yako anapika jikoni kwake.

Walikwenda yeye na Oliva, na basi la asubuhi. Walipofika kwa mzee, jua lilikuwa halijashika. Sakitu ilikuwa juu ya nyasi, juu ya bati, juu ya ndoo iliyosahauliwa nje. Pikapu ilikuwa imeoshwa, imeegeshwa mbele ya nyumba. Mzee Kastori alikuwa amesimama mlangoni na koti lake zito.

"Kamwene, wanangu! Ingieni, ingieni, baridi itamuumiza mama huyo. Mambo ya gari yapo tu."

Wakaingia. Kulikuwa na moto wa mkaa, chai ya maziwa, maandazi, na mayai ya kuchemsha. Yustina aliwahudumia huku anafurahi kumwona kaka yake. Mzee akaomba baraka kwa ajili ya chakula, akamwombea na mtoto aliye tumboni. Lukelo alikuwa hajaombewa vile tangu baba yake afe. Macho yalimlowa.

Lakini Oliva alikuwa ameona kitu pale nje. Paa la pikapu lilikuwa jeupe kwa sakitu. Sanduku la nyuma jeupe. Boneti lilikuwa jeusi, kavu, halina hata chembe. Akakaa nacho moyoni, kisha akauliza kwa heshima.

"Baba, gari limetoka asubuhi hii?"

"Hapana, mwanangu. Limelala hapo tangu jana mchana, linawangoja ninyi."

"Mbona boneti halina sakitu?"

Yustina akainamia birika. Mzee Kastori akaweka kikombe chini taratibu, akamtazama Lukelo badala ya Oliva.

"Lukelo, mama huyu ananiuliza kama fundi. Au mmekuja na fundi mkanificha?" Akacheka kidogo. "Gari nimelifuta kwa kitambaa, mama. Mgeni anakuja, nisifute gari?"

"Umefuta boneti tu, baba?"

Lukelo aliona uso wa dada yake. Aliona na andazi alilokuwa ameliuma, la mkono wa mkwe wake. Utamwitaje mtu mwongo na chakula chake kingali mdomoni? Akamgeukia mkewe.

"Kunywa chai, Oliva."

Oliva akanywa chai.

Baadaye wakatoka. Mzee akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo, likawaka mara moja, likanguruma vizuri kabisa. Lukelo akaendesha hadi barabarani na kurudi. Hela zikahesabiwa mezani, wakapeana mikono, wakaongezewa na kuku wa zawadi. Wote wawili wakarudi kijijini na gari lao, na sisi tukalipokea kwa vigelegele.

Asubuhi ya pili halikuwaka.

Injini ya dizeli iliyochoka ina tabia hiyo. Ikiwa na moto, inakudanganya kama kijana. Ikilala usiku kwenye baridi, inaamka mzee. Lukelo alizungusha ufunguo mpaka betri ikalia. Akaja kuniamsha, tukasukuma, likashika kwa moshi mwingi. Kwa mkewe alisema ni betri. Akanunua betri. Asubuhi iliyofuata yakawa yale yale. Akaanza kuweka karai la makaa chini ya injini kabla watu hawajaamka. Akaanza kuliegesha juu ya kilima karibu na nyumba yake, pua ikitazama chini, ili literemke na kushika lenyewe. Fundi wa mjini alimwambia ukweli: injini imekwisha kwa ndani, inataka kufunguliwa yote. Fedha ya kazi hiyo hakuwa nayo kabla ya kuuza viazi.

"Lirudishe kwa Kastori," nikamwambia.

"Nimrudishie nini? Atasema liliwaka mbele yangu. Na Yustina ataishi vipi mle ndani?"

"Basi mpeleke Oliva mjini sasa hivi, akae."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na ndipo watu huwa hawapaoni. Walikuwa wamekwisha kutafuta chumba karibu na hospitali. Waliponunua gari wakakiacha. Ya nini kulipia chumba wakati gari lipo mlangoni? Sasa hela ya chumba ilikuwa imekwenda kwenye betri. Lukelo akaniambia wataondoka wiki inayokuja, akishauza viazi vya kwanza. Kila jioni alipanda kilimani kuhakikisha gari limetazama chini. Kila usingizi wake ulikuwa nusu. Oliva naye alikuwa amekwisha kuelewa, kwa kuwa hakuna mke asiyejua moshi wa asubuhi. Alihesabu tu siku zilizobaki kufika hiyo wiki inayokuja.

Damu ilikuja kabla.

Tulimbeba hadi kilimani kwenye godoro. Alikuwa anaongea vizuri, haumwi, na hilo ndilo lililotutisha, maana godoro lilikuwa linalowa. Tukamweka kwenye kiti cha mbele. Lukelo akaachia breki, gari likateremka. Likakohoa. Likateremka zaidi, likakohoa tena, moshi mweupe ukatoka. Sisi nyuma tukasukuma kwa mbio. Likafika bondeni kwenye daraja la miti na kusimama. Kilima kilikuwa kimekwisha. Mbele kulikuwa na mlima, nyuma kulikuwa na mlima.

Tukaleta makaa. Tukaleta maji ya moto. Basi lilikuwa limekwisha kushuka, kwa hiyo mmoja wetu akakimbilia barabara kuu kutafuta gari lolote. Lukelo alikuwa anazungusha ufunguo, anaacha, anazungusha. Oliva akamshika mkono.

"Acha. Unaniumiza kwa mlio huo."

Akaacha. Tukakaa tunasikiliza kama kuna kitu kinakuja. Sijawahi kusikiliza vile maishani mwangu. Kunguru akilia, tunageuka. Upepo ukipita kwenye misindano, tunadhani ni lori. Jua lilipanda, sakitu ikayeyuka juu ya boneti, na Oliva akaanza kusema anasikia usingizi. Lukelo alimpigapiga mashavu akimwita jina, wala hakuthubutu kunyamaza.

Lori la mbao ndilo lililokuja. Dereva hakuuliza bei. Tukampandisha yeye na Lukelo, wakaondoka, na sisi tukabaki na pikapu bondeni. Jua lilipokuwa limewaka sana, mmoja wetu akajaribu ufunguo kwa hasira tu. Likawaka mara moja. Nusura tulichome.

Hospitali walifanya kazi yao. Oliva alifika akiwa na pumzi ndogo, akapasuliwa papo hapo, mtoto akatolewa akiwa hai. Lakini damu ilikataa kusimama. Ili mama asife, daktari akalazimika kutoa kizazi.

Oliva alipopata nguvu, familia mbili zikaitana kwa Ezekia. Mzee Kastori alikuja na koti lake.

"Mimi sikudanganya mtu," alisema. "Mnunuzi alitaka kuona gari linawaka. Nikaliwasha mbele ya macho yake. Hakuniuliza linavyoamka."

"Niliuliza mimi," Oliva akasema kutoka kwenye mkeka.

"Uliuliza habari za sakitu."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Uliamka mapema ukalipasha moto, kisha ukatupasha na sisi." Akamgeukia mumewe, wala hakupandisha sauti. "Ningekuwa nimeligusa boneti kabla ya chai, mkono wangu ungejua, wala nisingehitaji ruhusa ya mtu. Baada ya chai tulikuwa tumekwisha kuuzwa."

Ezekia, yule aliyelicheka guta, alitazama chini mpaka kikao kikaisha. Siku ile ile wanawake waliokuwa wamekaa na Oliva wakatoka na maneno hayo, wakaanza kuwaambia binti zao wanaochumbiwa, waume zao wanaokodi mashamba, na kila anayekwenda kununua kitu kwa mtu anayemjua.

Kwa hiyo msiniambie msemo huu unakataza vitu vya mkononi. Mimi pikipiki zangu zote nimenunua za mkononi. Wala hausemi kwamba guta jipya lingefika mjini siku ile. Labda lingefika, labda lingemmwaga njiani, hakuna ajuaye. Unasema kwamba ukarimu ni kitu kizuri, lakini una wakati wake. Mkono wako ukague kwanza, ukiwa bado hauna deni la kikombe. Mwenye kitu kizima atakungoja, na chai yake haitapoa.

Fidelis na afanye anavyotaka. Gusa boneti kabla ya chai. Asiyegusa, bei yake tunaijua hapa kijijini: shamba la misindano la marehemu Mtewele, familia mbili ambazo zikikutana msibani hukaa pande tofauti, na kizazi cha Oliva. Mtoto alipona, ni binti, mnamwona akienda shule. Wadogo zake hawakuzaliwa.