Tawi la Sale Kwenye Korongo la Theluji

Hapo zamani, mlima ulipokuwa na theluji nyingi kuliko hii mnayoiona leo, kulikuwa na kihamba kimoja, shamba la migomba, huko Uchagani kisicho na mwenyewe. Aliyekilima alikufa bila mtoto. Migomba ikazaa, ndege wakala. Koo mbili zikakigombania mpaka mtawala wao, Mangi, akachoka. Akakata tawi fupi la sale, mmea ule tunaoupanda mipakani, akasema, "Atakayelipanda tawi hili kileleni kwa mkono wake, awe wa ukoo wowote, kihamba ni chake. Mlima na uamue."

Mlima uamue! Ni rahisi kusema ukiwa umekaa na kibuyu cha pombe ya mbege mkononi.

Waliojitokeza walikuwa watatu. Wa kwanza Aikande, mjane. Shemeji zake walimtoa nyumbani matanga hayajapoa, akawa analala jikoni kwa dada yake pamoja na mabinti wake wawili, na kila asubuhi alisikia jinsi dada anavyogonga vyungu kwa kuchoshwa nao. Alitaka mahali ambapo binti zake wangecheka bila kutazama mlangoni kwanza. Wa pili Ndesanjo, mtoto wa kati. Nanyi mnajua: kwetu mtoto wa kwanza hupewa ardhi, kitinda mimba hurithi nyumba ya baba, na wa kati hupewa pole. Wa tatu alikuwa fundi Mlatie, mhunzi, ambaye kihamba chake kilizolewa na maporomoko, kiwanda na vyote.

Fundi na Ndesanjo walikuwa hawasemezani. Mwaka mmoja wa ukame fundi aliuziba mfereji usiku apate maji peke yake. Huko chini migomba ya Ndesanjo ikakauka. Kaka yake, aliyekuwa amemwazima kile kipande cha shamba, akakichukua tena. Mke wa Ndesanjo akafunga virago. Fundi hakwenda kuomba radhi hata siku moja.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mlima ule haupandwi na mtu mmoja. Ndesanjo alileta shoka. Fundi alileta miiba ya chuma ya kufunga nyayoni, jozi moja, yake. Aikande alileta kamba aliyoisokota mwenyewe kwa nyuzi za migomba. Na kwa kuwa wanaume wale hawakuaminiana hata chembe, tawi akapewa yeye, akalitia kifuani lisigande.

Wakavuka msitu, wakavuka nyasi, wakavuka mawe. Wakakuta njia ni moja tu: korongo jembamba lililojaa theluji, limesimama wima hata ukiinua macho kofia inaanguka. Wakajifunga kamba. Ndesanjo akachonga ngazi kwa shoka, Aikande akapanda, fundi akafuata. Wakapumzika. Ndesanjo akachonga, Aikande akapanda, fundi akafuata. Hapakuwa na upepo. Kulisikika shoka tu, na pumzi zao.

Karibu na juu theluji ikawa barafu tupu. Viatu vya ngozi vya Aikande vikaanza kuteleza, akateleza, akashika, akateleza tena. Fundi akamwona. Akavua miiba yake.

"Vaa hii, mama."

"Na wewe, fundi?"

"Mimi mzito. Uzito utanishika."

Uongo mtupu, na wote wawili walijua. Aikande akavaa. Wakati huo Ndesanjo alikwisha kufika kwenye jiwe la juu, akajifungua kamba. Aikande akapiga hatua mbili tu, fundi akaponyoka.

Kamba ikakaza. Aikande akakita miiba kwenye barafu, akalala kifudifudi, kiuno kikimkatika. Chini yake fundi ananing'inia.

"Ndesanjo! Njoo tumvute!"

Ndesanjo akachungulia. Akakaa. "Kata kamba, dada. Mwache. Mimi aliponikausha, nani alinivuta?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Aikande. Akajua maneno hayatafaa kitu. Akajua pia kitakachofaa, na moyo ukamuuma, maana aliwaona akilini binti zake kule jikoni. Desturi ni hii: ukiletewa sale na mkosaji, huwezi kukataa, lazima usamehe. Na sale likishapokelewa ni mali ya aliyesamehe.

Akatia mkono kifuani. Akalitoa tawi, likiwa bado na joto, akalinyoosha juu.

"Kaka Ndesanjo, naleta sale kwa niaba ya fundi Mlatie. Amekosa. Pokea."

Ndesanjo akalitazama muda mrefu. Mkono wa Aikande haukushuka. Mwishowe akainama, akalipokea, akalichomeka mshipini, akashuka ngazi zake mwenyewe, akashika kamba. Wakavuta. Fundi alipofika juu alilia kama mtoto, akamshika Ndesanjo miguu. Ndesanjo akasema, "Yamekwisha," akaenda, akalipanda tawi kileleni.

Wakarudi kwa Mangi, Aikande bado amevaa miiba ya fundi. Hakuna aliyeongopa.

Ndesanjo akasema, "Nilichonga njia. Nilimvuta mtu aliyenimaliza. Nimepanda kwa mkono wangu, na sale lilikuwa langu kwa desturi."

Fundi akasema, "Niliziba mfereji, kweli. Lakini kosa lililosamehewa halihesabiwi tena. Nisingevua miiba yangu, Aikande angeanguka pamoja na tawi kifuani, na leo tusingekuwa na la kubishania."

Aikande akasema polepole, "Nililibeba mimi. Nilijua nikilitoa natoa kihamba. Nikalitoa, kwa kosa lisilo langu."

"Lakini tawi halikuwa lako," Ndesanjo akamjibu kwa upole. "Lilikuwa la Mangi."

"Mbona ulilipokea?"

Mangi akaweka kibuyu chini, akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuamua. Mpaka leo ndege wanakula ndizi kule. Na Aikande amerudi jikoni kwa dada yake, binti zake wanamuuliza, "Mama, tunahama lini?"

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu kuliko Mangi, wajibuni watoto hawa: je, kihamba kile nani alikistahili?