Kwa Nini Mwerebi Hutambaa

Kabla hamjaugusa huo mwerebi, panga lirudi jikoni lilikotoka. Tangu asubuhi nawasikia mkilalamika kwamba unatambaa hadi njiani, unawakwaza, unakula bustani, ukikatwa huku unachipukia kule. Yote hayo nayajua, nimeishi nao miaka mingi kuliko ninyi nyote mkijumlishwa. Kaeni hapo kwenye mawe, wajukuu zangu, mnisikilize, na mwenye simu aiweke mfukoni.

Kulikuwa na wakati mwerebi haukutambaa. Ulisimama wima kando ya mito ya milima hii, shina moja lililonyooka, na majani yake membamba yakawa juu huko ambako mbuzi hawakuyafikia. Mtu akitafuta nguzo ya nyumba aliutazama kwanza mwerebi. Tawi lake bichi likichomekwa ardhini liliota mizizi, kwa hiyo watu walilitumia pia kushikiza kingo za mashamba yao, maana mteremko huu haujawahi kumwonea mtu huruma.

Siku hizo aliishi hapa mwanamke aliyeitwa Namkunda, pamoja na mumewe Senkondo na mtoto wao Mbonea. Namkunda alikuwa na bustani moja tu, na udongo wake haukuwa wa hapo. Aliupandisha mwenyewe kutoka bondeni, kikapu kwa kikapu, kichwani, kwanza akiwa na mimba ya Mbonea, kisha akiwa na Mbonea mgongoni. Humo walipata maharage, magimbi na mboga. Lakini chini ya bustani mlima ulikatika ghafla, na masika yaliyotangulia yalikuwa yameondoka na nusu yake. Kama nusu iliyobaki nayo ingekwenda, wangelazimika kuhamia nyikani, kwenye joto na mbu, wakaishi kwa ndugu za Senkondo, ambao hata yeye mwenyewe hakuelewana nao.

Kuchomeka vigingi vya mwerebi ilikuwa kazi ya mume. Tena kulikuwa na mila kwamba kilichopandwa na mkono wa mtu mmoja haking'olewi na mkono wa mwingine. Namkunda alianza kumkumbusha mumewe tangu kiangazi. Senkondo alisema kesho. Alikuwa mtu wa kesho katika kila jambo isipokuwa kula.

Mawingu yalipotanda kweli, akaamka, akaenda mtoni kukata matawi. Bahati mbaya siku hiyo rika lake walikuwa na pombe ya miwa, naye alitaka kuiwahi. Kuchonga upande mnene wa tawi ni kazi, lakini upande mwembamba huchongoka mara moja. Basi Senkondo akachonga upande mwembamba, akavigongomea vigingi vyote ukingoni, kichwa chini miguu juu.

Namkunda alitoka na ungo mkononi, akatazama, akadhani macho yake yana kasoro.

"Baba Mbonea," akasema, "hivi vigingi umevipindua."

"Mti ni mti. Utajua wenyewe pa kwenda."

"Macho yake ya kuchipulia yote yanatazama chini."

"Basi yataona vizuri mizizi inakopita," akajibu Senkondo, akafuta panga lake kwenye majani akaondoka.

Pengine angerekebisha kesho yake, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini habari zilimtangulia huko pombeni, wenzake wakamcheka, naye badala ya kucheka nao akaapa kwamba huo ndio upandaji aliofundishwa na babu yake. Babu yake alikuwa mfua vyuma, hakuwahi kupanda hata boga, na kila mtu alijua. Ila mtu akishaapa mbele ya rika lake, mkewe atafanyaje?

Vigingi vilichipua, maana mwerebi ni mti usiokata tamaa. Lakini pale palipopaswa kuwa miguu ndipo palipokuwa juu, na machipukizi yalitoka yamepinda, yakapapasa huku na huku kama mtu anayetafuta viatu gizani. Mierebi ya majirani ilikuwa imenyooka, ikipendeza. Kila mpita njia alisimama ukingoni kwa Namkunda, akainamisha shingo upande ili aone vizuri, akaenda zake akikohoa kicheko. Namkunda alikasirika hadi chakula kikawa hakimshuki. Alikasirishwa na mume, akakasirishwa na mila, akakasirishwa na mti wenyewe kwa kukubali.

Asubuhi moja Senkondo alisema tena kwamba suala la ukingo ataliangalia kesho. Namkunda alichukua jiwe bapa, akateremka bustanini, akalikandamiza chipukizi moja hadi likalala chini, akaliwekea jiwe juu. "Unataka chini? Haya, kaa chini," akaliambia. Mila ilikataza kung'oa, haikusema neno juu ya kulaza. Baada ya muda alifunua akakuta chipukizi limeota mizizi pale lilipogusa udongo. Akalirudishia jiwe lake, akatafuta jingine. Tangu hapo kila mumewe aliposema kesho, yeye alilaza tawi. Na kwa vile Senkondo hakuacha kusema kesho, ukingo mzima ulijaa mawe.

Masika yakaja na upepo. Mierebi mirefu ya majirani ikatikiswa huku na huku kama jino bovu, ikalegeza udongo iliopaswa kuushika, ikaanguka na kingo zake bondeni. Namkunda alikaa mlangoni na Mbonea, mzigo wa kuhamia nyikani ukiwa umeshafungwa, akisikia mlima ukimeguka upande huu na upande ule. Kulipopambazuka, bustani yake ilikuwa mahali pake. Yale matawi yaliyolala yalikuwa yameukumbatia udongo wote, majani yakiwa yameyafunika mawe.

Majirani walikuja na matope hadi magotini, wakampongeza nani? Senkondo. Naye akapokea. "Niliwaambia, mti ni mti," akasema, akaanza kuwasimulia kuhusu babu yake. Namkunda aliyasikia yote akiwa anaosha magimbi. Nawaambieni kweli, kama angekuwa na jiwe karibu, siku ile lisingewekwa juu ya tawi.

Wakamwomba awapandie na wao. Akaenda, akawachomekea vigingi kichwa chini miguu juu, kwa mbwembwe. Machipukizi yakatoka, yakapapasa hewani, yakabaki huko huko. Wakamuuliza, "Mbona yetu hayashuki kama ya kwako?" Senkondo akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pombe akateremka hadi ukingoni. Akainua jiwe moja, akaona mizizi. Akainua la pili. Akayarudisha yote kama yalivyokuwa.

Jioni ile alikwenda mtoni akachukua jiwe bapa, pana, lililolainishwa na maji. Wanaume wa hapa walibeba mizigo begani, wanawake ndio waliobeba kichwani. Senkondo alilitwika kichwani kama kikapu cha udongo, akapanda nalo mteremko mzima mbele ya milango ya watu, akaliweka miguuni pa mkewe. Alifungua kinywa, neno likagoma kutoka.

Namkunda alilitazama jiwe, akamtazama na mbebaji. "Lipeleke pale tawi lilipoinuka," akasema. Senkondo akaliinua tena, akalipeleka.

Na tangu siku hiyo mwerebi hutambaa. Mierebi inayoota kwenye mteremko huu ni kizazi cha vigingi vya Senkondo, na hata ukiipanda sawasawa inashuka yenyewe na kuota mizizi kila inapogusa, imeshazoea. Na tangu siku hiyo mume wa hapa akikosa, na neno likagoma kutoka, huenda mtoni, akabeba jiwe kichwani, akaliweka kwenye mwerebi wa nyumba yake. Mke haulizi.

Babu yenu mlimjua. Ubishi wote mlio nao mmeutoa kwake. Katika maisha yetu yote sikuwahi kumsikia akisema nisamehe, hata siku moja, na ilinichosha, siwafichi. Hebu inukeni sasa, mtazame hayo mawe mliyoyakalia, mniambie kama kuna hata moja ambalo si la mtoni.