Bomba la Nani?

Isomeni hii taratibu, kisha mtumieni kila anayeishi chini ya mtu mwingine.

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na jengo la ghorofa, kila mkazi kanunua sehemu yake. Bi Sikujua, mjane, alikaa chini kabisa. Bomba la kupandisha maji ya jengo zima lilipita ndani ya ukuta wa jiko lake.

Bomba likachoka, likaanza kuvuja. Rangi ikabanduka, ukungu ukaota, mwisho ukuta ukafanya tumbo kama mja mzito. Kila akiinjika chungu aliutupia jicho, asijue ni siku gani utamwangukia.

Akaenda kwa Bwana Shekue, mwenyekiti wa kamati ya jengo. Kamati yenyewe ilikuwa na vyeo vingi na kazi kidogo. Leo fundi kasafiri, kesho fundi anauguliwa. Bibi alipozidi kudai, mwenyekiti akampasulia mkutanoni.

"Mama, tuna kanuni hapa. Kilicho ndani ya kuta zako ni chako. Bomba ni lako, tengeneza mwenyewe."

Watu wa juu wakaitikia ndiyo, ndiyo, na wengine wakacheka. Kuta zao zilikuwa kavu, kwa nini wasicheke?

Bi Sikujua hakubishana. "Kwa hiyo ni langu?"

"Lako kabisa."

"Mmesikia nyote," akasema, akajitanda khanga yake, akaondoka. Wakasema bibi kashindwa. Mtu akinyamaza, wapumbavu hudhani kalala.

Jumamosi iliyofuata Bwana Shekue alikuwa akipokea wakwe, watu wazito waliokuja kumposa binti yake. Harufu ya pilau ilijaa jengo zima. Bi Sikujua, mitungi yake imeshajaa, akainama chini ya karo mahali ilipo koki ya bomba lile la jengo zima, akaifunga. Kisha akakalia mbuzi yake, akaanza kukuna nazi.

Juu mabomba yakakohoa, yakanyamaza. Wakwe wamekunja mikono ya kanzu, wamekaa mkao wa kula, na birika la kunawia halina hata tone.

Mwenyekiti akashuka ngazi mbio, pindo la kanzu mkononi.

"Bi Sikujua, fungua bomba."

"Bomba la nani?"

"Jamani mama, nina wageni."

"Nimeuliza la nani. Maana langu linaumwa, nimelipumzisha."

Ngazi ilishajaa majirani na ndoo zao. Mwenyekiti akageuka kuwatazama.

"Letu," akasema chini chini.

"Masikio ya kizee haya. Na hao walio ngazini wasikie."

"Bomba ni letu sote."

Bi Sikujua akaendelea kukuna nazi. "Basi letu linamngoja fundi wetu."

Ajabu ya Mungu, yule fundi aliyekuwa safarini mwaka mzima alifika kabla pilau haijapoa. Wakwe walinawa kwa maji ya mtungi wa Bi Sikujua, kwani wao walikuwa na kosa gani? Wakala huku nyundo ikigonga chini yao kama ngoma ya harusi. Bomba likawekwa jipya, ukuta ukajengwa upya, tena kamati ndiyo iliyopaka rangi. Rangi alichagua bibi.

Funzo: Ukitupiwa shida ya wote ukaambiwa ni yako, ipokee pamoja na koki yake, watakumbuka wenyewe kusema "letu".