Njugu Isiyosemwa Hailiwi

Hamjambo nyote? Mliokaa mbele, mliokaa nyuma, na wewe uliyeegemea ukuta kama umeujenga wewe? Naomba utulivu kidogo. Anayetafuna amalize kutafuna, anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi. Hadithi hii ukiikata katikati inakuwa kama mkia wa mjusi, inarukaruka peke yake na haifiki popote.

Nikisema, "Hadithi iko mlangoni," nyinyi itikieni, "Ipisheni ikae."

Hadithi iko mlangoni.

Ipisheni ikae.

Imekuja na vumbi miguuni.

Ipisheni ikae.

Haya, imekaa. Sikilizeni.

Palikuwa na shule ya wanyama, Shule ya Sekondari ya Kichuguuni, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya. Ukiigonga, ng'eng'e ng'eng'e ng'eng'e, hata konokono anaanza kutembea. Wote pale walikula chakula cha ghala moja. Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa mninga, mlango una kufuli, na kufuli lina ufunguo.

Desturi ya Kichuguuni ilikuwa hivi: anayeshika namba moja kwenye mtihani wa mwisho, yeye ndiye anayevaa ufunguo shingoni kiangazi kizima. Yeye ndiye anayefungua, yeye ndiye anayepima. Akiwa na roho nzuri, wote wanaiona mvua. Akiwa na roho mbaya, wadogo hawaioni.

Sasa mwaka ule kiangazi kilikuwa kimeshaanza kuonyesha meno, na aliyeutaka ufunguo ule kuliko wote alikuwa Ngiri.

Mnamjua Ngiri. Kifua kama gunia, meno yametoka nje ya mdomo kwa kukosa nafasi ndani. Alikuwa amekaa Kidato cha Nne mpaka dawati likamzoea. Ule mlango wa ghala alishaujaribu kwa kichwa, pu, pu, pu. Mlango ukabaki, kichwa kikavimba, na vile vinundu mnavyoviona usoni kwake ndivyo hivyo. Kumtisha msahihishaji nako hakukuwezekana, maana mitihani ilisahihishwa na korongo wa ng'ambo ya mto, na korongo hawaogopi meno wasiyoyaona. Njia ikabaki moja, kusoma. Na Ngiri kusoma hataki.

Akafanya hesabu zake. Nikishindwa kupanda juu, akasema moyoni, wengine nitawashusha. Shule ilikuwa na kitabu kimoja kwa kila somo, cha kusoma kwa zamu. Siku ya kugawa vitabu Ngiri akafika wa kwanza, akavikumbatia vyote, akaviingiza shimoni kwake, akalala juu yake. Mwalimu Kanga, yule ambaye madoa ya chaki hayajamtoka manyoya mpaka leo, alimfuata kumwambia avirudishe. Ngiri akatabasamu, meno yote yakasogea mbele. Mwalimu Kanga akakumbuka ana kazi nyingi ofisini.

Katika darasa lile alikuwamo Kuchakulo, yule ndugu wa kindi. Kadogo, mkia mkubwa kuliko mwenyewe. Kuchakulo alichelewa shule. Wa rika lake walikuwa wameshaozesha watoto, yeye ndiyo kwanza anakaa dawati la mbele na kuuliza hii herufi inaitwaje. Neno la kwanza alilolisoma mwenyewe lilikuwa kwenye gunia la ghalani: mahindi. Alisimama mbele ya gunia lile mpaka foleni ya chakula ikamsukuma. Miaka yote alikula kutoka kwenye gunia lile, na gunia lilikuwa linasema, na yeye hakulisikia.

Tangu siku ile Kuchakulo alikuwa hapiti penye maandishi bila kusimama. Na sasa vitabu vyote viko chini ya tumbo la Ngiri. Akipata Ngiri ufunguo, kuchakulo, panya, kalunguyeye na jamaa zao wote watapimiwa hewa.

Akaenda shimoni, akabisha hodi kwa heshima. Akaomba kitabu cha Biolojia, dakika chache tu, hapo hapo mlangoni.

Ngiri akamtazama toka masikioni mpaka mkiani. "Wewe mkia-fagio, umekuja kufagia au umekuja kusoma?"

"Nimekuja kukuonea huruma, kaka."

Ngiri akainua kichwa. Hakuwahi kuonewa huruma maishani mwake. Kuchakulo akamweleza taratibu kwamba amekaa akafikiri, akaona si sawa mkubwa kama yeye kujichosha macho. Wakubwa huko duniani hawasomi, husomewa. Wao hulala wakasikiliza. Kama kaka atakubali, yeye Kuchakulo atakuja kila alasiri amsomee na kumfafanulia, na kitabu hakitoki shimoni hata ukurasa.

Ngiri akacheka mpaka vumbi likatoka darini. Akakubali, akaongeza na masharti: asome kwa sauti, afafanue vizuri, na asidai shukrani.

Basi Kuchakulo akaja alasiri. Mnajua alasiri ya kiangazi, jua linakubembeleza kama mtoto. Akafanya kama wanafunzi wote wanavyofanya usingizi ukiwawinda: akateka maji ya baridi kwenye beseni, akatia miguu, akafungua kitabu.

Akasoma. Akasoma kwamba jani la mti linapika chakula, jua ndilo moto wake, na linapika kimya bila moshi. Akaweka kidole kwenye mstari, asiendelee. Maisha yake yote alikuwa analala juu ya majani. Kumbe maisha yake yote alikuwa analala jikoni kwa watu, na wao wanapika mchana kutwa, maana jua ndilo moto, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mbona umenyamaza?" Ngiri akauliza.

"Kaka, majani yanapika."

"Hiyo naijua," Ngiri akasema, akageukia ubavu wa pili.

Kuchakulo akafunga kitabu, akamfafanulia. Na kufafanua bila kutazama si mchezo. Palipo na tundu kichwani, sauti inatumbukia humo humo. Ikitumbukia, anafungua kitabu, anatazama, anafunga, anaanza upya. Akimaliza humwuliza Ngiri kama ameelewa, na Ngiri hujibu, "Hiyo naijua."

Akitoka pale alikwenda nyuma ya ua wa jiko, kwenye mgao wake wa njugu mawe. Njugu zilikuwa chache na kavu, lakini kuchakulo hawezi kula chote leo, mikono yenyewe inakataa. Kwaru kwaru kwaru, akafukua kishimo. Hii njugu ni jani linalopika, akasema, akaifukia. Kwaru kwaru kwaru. Hii ni mzizi unaokunywa. Akaifukia.

Kesho yake akarudi. Kwaru kwaru kwaru, akaifukua ya jana. Kabla hajaitia mdomoni alijiwekea sheria: aseme kwanza yote aliyoizika nayo, bila kitabu. Akisema yote, anakula nusu, na nusu anairudisha ardhini aiseme tena siku nyingine. Akikwama, njugu nzima inarudi ardhini na yeye anashinda na njaa. Njugu isiyosemwa hailiwi.

Mpo?

Tupo.

Ikawa hivyo. Alasiri akasoma, akafunga, akasema, akazika. Asubuhi akafukua, akasema, akala. Biolojia, akasoma, akafunga, akasema, akazika. Jiografia, akasoma, akafunga, akasema, akazika. Na Ngiri kila siku, hiyo naijua. Moyo unavyodunda, hiyo naijua. Mvua inavyozaliwa, hiyo naijua. Maneno yalimpita masikioni kila siku mpaka akayazoea kama majirani, na ukimzoea jirani unadhani unajua kilichomo chunguni mwake.

Likaja jaribio la nusu muhula. Matokeo yakabandikwa mlangoni. Juu kabisa, Kuchakulo. Chini kabisa, karibu na msumari wa chini, Ngiri.

Ngiri akatoka hapo anapumua kama mvukuto. Akamkuta Kuchakulo nyuma ya ua wa jiko, kwaru kwaru, anafukua. Akamkalia njia.

"Tunasoma kitabu kimoja, alasiri moja, shimo moja. Wewe wa kwanza, mimi wa mwisho. Unaficha nini hapa, dada?"

Kuchakulo akarudi nyuma hatua moja. Lakini hakuona sababu ya kusema uongo. Akamwambia yote kama yalivyo: nazika, kesho nafukua, nasema, ndipo nakula.

Kumbukeni, maneno ni manne. Ngiri alisikia moja.

"Unakula," akasema polepole. "Kwa hiyo elimu yote ya Kidato cha Nne iko humu ardhini?"

Hapo Kuchakulo angeweza kumsahihisha. Akamtazama yale meno. Akafikiria ufunguo, na watoto wa panya. Akafikiria pia kila njugu iliyokuwa chini ya udongo ule, na akagundua kwamba hakuna hata moja ambayo hajaisema, nyingine amezisema mpaka zimemchoka.

"Kaka," akasema, "wewe mwenyewe umeona mlangoni. Anayekula njugu hizi amekuwa wa ngapi?"

Ngiri akaanza kudondosha mate. Akamwambia aondoke, na njugu za pale kuanzia leo si zake. Kuchakulo akainamisha kichwa, akaondoka taratibu. Alipofika upande wa pili wa jiko akajibana mbavu asicheke. Kisha tumbo likamkumbusha kwamba ametoa chakula chake chote, na kicheko kikaisha.

Ngiri naye, kwa tamaa yake, hakutaka kula kidogo kidogo. Alisema atakula elimu yote kwa mpigo siku ya mtihani asubuhi, ikiwa bado mbichi kichwani. Siku ilipofika akaja nyuma ya ua, akapiga magoti ya mbele ili Mwalimu Kanga asimwone, akachimba kwa pua. Mff mff mff, hii ni Biolojia, kacha kacha. Mff mff mff, hii ni Historia, kacha kacha. Akala ya jani, ya mzizi, ya moyo na ya mvua. Akala na udongo, kwa kuogopa kubakiza nukta. Kiu ikamshika, akakimbilia shimoni kwake, akalikuta beseni la Kuchakulo la kutilia miguu, limejaa. Akalinywa mpaka chini.

Njugu mawe kavu na maji, nyinyi wapishi mnajua.

Ng'eng'e ng'eng'e ng'eng'e. Wakaingia mtihani. Kuchakulo aliingia na tumbo tupu. Akafunua karatasi. Swali la kwanza likamtazama, na yeye akalitazama. Akafumba macho, akafanya lile lile la kila asubuhi. Kwaru, kwaru, kwaru, akafukua.

Jamani. Alizika njugu, akafukua mti. Ile ya jani ilitoka, lakini haikutoka peke yake. Imeshikana na mzizi unaokunywa, na mzizi umeshikana na mvua ya Jiografia, na mvua imeshikana na bahari ambayo yeye hajawahi kuiona, na yote yanapanda mtini mpaka kwenye jani moja linalopika kimya. Hakuyapanda hivyo. Aliyatia moja moja, kwenye vishimo mbalimbali. Yenyewe yalitafutana huko chini wakati yeye amelala. Kuchakulo akakaa na kalamu hewani, kinywa wazi, kama siku ile mbele ya gunia. Kisha akaandika, na njaa hakuisikia tena.

Upande wa pili Ngiri amefunua karatasi. Akatabasamu.

"Hiyo naijua," akaliambia swali.

Akangoja. Swali nalo likangoja.

"Wewe nakujua kabisa," akasema. "Unakaa... unakaa pale..."

Ngurrr, likajibu tumbo.

Njugu zilikuwa zimeanza kuumuka. Ngurrr, ngurrr. Dawati likainuka upande mmoja. Ngurrr, gulu gulu gulu. Mwalimu Kanga akauliza nani anajibu mtihani kwa sauti. Ngiri hakuweza tena kuinua mguu kuomba ruhusa ya kwenda nje, maana yote minne alikuwa ameibana. Akainua alichobakiwa nacho, mkia. Akausimamisha wima kama kidole, hakungoja kujibiwa, akatoka mbio, pukutu pukutu pukutu, mpaka katikati ya nyika. Huko akasimama ghafla. Alikuwa amesahau anakimbia nini.

Korongo wakaleta matokeo. Kuchakulo akavishwa ufunguo, na kwa udogo wake ukamburuza kidogo. Akafungua mlango wa mninga. Akapima: panya chake, swala chake, nyati chake. Mwisho wa foleni akasimama Ngiri, kichwa chini. Kuchakulo akampimia sawa na wengine.

"Kula, kaka," akamwambia. "Ila kwanza niambie, jani linafanya nini?"

Ngiri akafungua mdomo kusema anaijua. Akaufunga. Akafikiri sana.

"Nisomee tena," akasema.

Lakini mazoea yana taabu. Mpaka leo ukimkuta Ngiri nyikani amepiga magoti, mff mff mff, anatafuta njugu ya Historia. Ukimshtua, anakimbia na mkia juu, bado anaomba ruhusa. Na akifika mbele kidogo anasimama, anajaribu kukumbuka.

Hadithi imenyanyuka.

Isindikizeni.

Inatafuta viatu vyake.

Isindikizeni.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: usikubali hata siku moja kumfundisha mwenzako mvivu. Ukimfundisha, utajikuta umeelewa wewe, utakuwa namba moja, utavishwa ufunguo mzito, na shingo itakuuma kiangazi kizima. Heri ulale juu ya vitabu kama Ngiri, ule vizuri asubuhi ya mtihani, na uwe na mkia wa kusimamisha.

Mimi naondoka, njia yangu ni ndefu. Kesho asubuhi nitapita tena hapa, na msiniandalie kiti cha kusimulia. Nitakuja kuuliza jani linafanya nini, na mkono mmoja nitakuwa nimeshika njugu.