Nyati Alivyomsindikiza Pimbi kwa Wakili

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na wakwe, majirani na kesi, aliishi mjane mmoja aitwaye Bi Pimbi, juu ya miamba, na watoto wake wawili, Tabu na Siwema. Mimi sikuwapo, kwa hiyo msinikatize kwa maswali. Nasimulia nilivyosimuliwa.

Pimbi ni mnyama mdogo, kanenepa kidogo, na mkia hana. Asubuhi na jioni watoto wake hushuka chini ya miamba kula majani. Mama yao hupanda jiwe refu, akaangaza macho. Akimwona chui hupiga mbinja, fyuuu, na watoto wanarudi pangoni mbio. Mama asipokuwa juu ya jiwe, hakuna kushuka, na asiyeshuka hali. Hilo mlishike, maana ndiyo kesi yenyewe.

Siku moja Bi Pimbi alikanyagwa njiani. Bwana Nyati alikuwa akishuka kilima mbio, gidi gidi gidi, akampitia. Mtungi aliojitwika pwaa, mguu kacha. Nyati hakusimama hata kusema pole. Alipoulizwa alisema siku hiyo alikuwa ng'ambo ya mto, msibani kwa wakwe zake. Nani angembishia mwenye pembe zile?

Mganga wa mifupa akaufunga mguu kwa vijiti, akasema, "Mama, jiwe usilipande mpaka miezi mitatu ipite."

"Na watoto wangu watakula nini miezi mitatu?"

"Mimi ni wa mifupa," mganga akajibu, akafunga mkoba wake.

Siku ya nne watoto walikuwa wanalamba ukungu wa kijani uliootea mlangoni. Siwema, yule mdogo, akauliza, "Mama, kesho tutakula?"

"Mtakula."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

Bi Pimbi akalia, na wala hakugeuza uso. Alipomaliza kulia alimwita shoga yake Kanga, akamtuma kwa Wakili Nungunungu.

Huyu Nungunungu alikuwa wakili wa waliovunjwa, waliogongwa na waliokanyagwa. Kalamu zake zilikuwa miiba yake mwenyewe. Kila kesi aliichomolea mwiba mmoja mgongoni, na mwiba kuuchomoa kunauma. Asiyeamini ajing'oe unywele mmoja tu, aone. Basi, siku ya kwanza wakili alimsikiliza yeyote, lakini mwiba hakuuchomoa mpaka aone mwenye kesi amejiandaa. Wengi walirudi kwao na majeraha yao, mwiba haujachomolewa.

Kanga akarudi na majibu. "Shoga, anasema uende keshokutwa, na uende na vitu vitatu. Kilichovunjika, aliyeona, na neno linalokuaibisha."

"La kuniaibisha la nini tena?"

"Anasema hilo asipolisikia kwako, atalisikia kwa adui yako, na hapo atakuwa amepoteza mwiba wake."

Bi Pimbi akatazama chini. Neno la aibu alikuwa nalo, na Kanga alilijua, kwa kuwa walikuwa wote siku ile.

"Haya. Kilichovunjika ninacho, mguu na kigae cha mtungi. Aliyeona ni wewe."

Kanga akakunja shingo. "Shoga, mimi niliona, sikatai. Lakini nina vifaranga kumi na mmoja. Nyati akinijia kwangu, kitakachobaki ni manyoya. Niache."

"Sikulaumu," akasema Bi Pimbi, na alimaanisha. Akajikuna ubavu. "Basi usiseme kitu. Waite tu majirani kesho waje kunijulia hali. Waambie pia nataka wanisikilize nikipanga maneno yangu, nisije nikababaika mbele ya wakili. Na tangazo hilo ulipitishe karibu na malisho ya Nyati."

"Kwa Nyati? Umegongwa mguu au kichwa?"

"Pitisha tu."

Sasa niwaambie habari za Nyati. Nguvu alikuwa nazo, kila mtu anajua. Ila ugonjwa wake ulikuwa ujuaji. Ukisema mvua imenyesha, atakwambia yale ni manyunyu. Aliwahi kumsahihisha mfiwa umri wa marehemu, na marehemu hajazikwa. Bi Pimbi alikuwa jirani yake miaka mingi, na jirani ndiye anayejua mwenzake anakoroma vipi.

Kesho yake wakaja. Ngiri na mkewe walileta mizizi, Swala akaleta majani mabichi, na Tabu na Siwema wakayashambulia hayo majani kabla hayajafika chini. Nyati naye akaja. Hakuleta hata jani. Alikuja kusikia kama atatajwa.

"Nasikia unakwenda kwa wakili, Bi Pimbi," akasema akiwa amesimama mlangoni, mwanga wote umezibwa. "Unakwenda kumshitaki nani?"

"Hata sijui, Bwana Nyati. Nilikuwa nimetazama upande mwingine, nikasikia kishindo, nikazimia. Jina simtaji mtu."

Pumzi ikamshuka Nyati. Akatafuta mahali, akaketi, na vumbi likatimka.

"Majirani zangu," Bi Pimbi akaanza, "nisikilizeni, halafu mniambie kama yanasikika vizuri. Ilikuwa jioni, jua linazama."

Nyati akatikisa sikio.

"Nilikuwa natoka mtoni, nimebeba tita la kuni."

Nyati akakohoa. Mkono wa ujuaji ulikuwa umeshamshika kooni.

"Mara akaja mnyama mmoja nyuma yangu, mzee nadhani, anajikokota, anachechemea..."

"Ngoja," akasema Nyati.

Wote wakamgeukia.

"Samahani, mama, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Lakini ukisema hivyo mbele ya wakili utachekwa. Kwanza ilikuwa asubuhi. Umande haujakauka."

"Asubuhi eti?" akasema Bi Pimbi, kashika kichwa. "Unajua tangu nianguke, kumbukumbu zangu zimevurugika."

"Asubuhi. Na hukuwa unatoka mtoni, ulikuwa unakwenda. Kuni zimetoka wapi? Ulijitwika mtungi, tena ule wenye shingo nyembamba."

Mke wa Ngiri akafungua mdomo. Mumewe akamkanyaga mguu, akaufunga.

"Na huyo mnyama?" akauliza Bi Pimbi taratibu. "Si alikuwa anachechemea?"

"Anacheche..." Nyati akasimama. "Nani anachechemea? Mnyama yule alikuwa na mbio zake, mbio za kiume, kutoka juu kilimani mpaka chini bila kujikwaa. Mwendo kama ule hamjauona nyinyi."

Swala alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna. Bi Pimbi akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kushika kitu kinachomponyoka.

"Asubuhi, mtungi, mbio. Bwana Nyati, nakuambia ukweli wa Mungu, nikifika kule nitayachanganya tena. Nitasema tu alikuwa mzee, anachechemea, na wakili atayaandika hivyo hivyo, yatabaki hivyo mpaka kiama."

Nyati akafikiri. Kutajwa hakutajwa. Na kama maneno yatakwenda kuandikwa, heri yaandikwe sawasawa. Tena akiwa pale pale ataweza kuchunga jina lake lisipenye. Ndivyo alivyopima, na mizani ilikuwa yake.

"Nitakupeleka mwenyewe," akasema. "Siwezi kuvumilia kitu kuandikwa ovyo."

"Na mguu huu nitafikaje?"

"Panda mgongoni."

Siku ya pili njia nzima ikaona jambo ambalo haijapata kuliona. Mbele anakwenda Nyati, mgongoni kakaa Bi Pimbi, mguu una vijiti, mkononi kashika kigae. Nyuma yao wanafuata Kanga, Ngiri na mkewe, na Swala. Kila mmoja alikuwa akiogopa kusema peke yake, lakini kutembea pamoja hakukuwaogopesha sana.

Wakili Nungunungu alikuwa ameketi mlangoni kwake, miiba imelala. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mwenye kesi ni nani?"

"Ni mimi, wakili."

"Shuka. Kilichovunjika?"

Bi Pimbi akanyoosha mguu, akaweka kigae chini. Wakili akakinusa kigae, akagusa vijiti kwa ncha ya kidole.

"Neno la aibu?"

Bi Pimbi akamtazama mke wa Ngiri, akatazama kando. "Nilikuwa nimesimama katikati ya njia, kilima nimekipa mgongo. Nilikuwa namsengenya mke wa Ngiri, kuhusu nyusi zake. Ningekuwa pembeni pengine nisingegongwa. Hilo ni kosa langu, na ninaona haya."

Mke wa Ngiri akavuta pumzi puani. "Nyusi zangu zina nini?"

"Mtasemezana nyumbani," akasema wakili. Mwiba bado ulikuwa umelala. "Aliyeona?"

"Wakili, yaliyobaki sitayasema mimi. Mimi ni mgonjwa, nitayachanganya. Muulize huyu Bwana Nyati. Anayajua kuliko mimi mwenyewe, na majirani hawa wote wamemsikia."

Nyati akasogea mbele, kifua nje. Hakungoja kuulizwa. Akaanza na umande, akaja kwenye mtungi na shingo yake, akaonyesha mahali Bi Pimbi aliposimama, karibu na kichuguu kilichobomoka upande. Akasimulia mbio kutoka kileleni, kona ya kwanza, kona ya pili.

Pwi. Wakili alikuwa amechomoa mwiba. Uso ulimkunjamana kwa maumivu, lakini akauchovya kwenye wino, akaanza kuandika.

"Polepole, Bwana Nyati. Kona ya pili, halafu?"

"Halafu akamwona."

"Nani akamwona nani?"

"Huyo mkimbiaji akamwona Bi Pimbi. Tuseme haki, alimwona. Lakini kwenye mteremko ule, kwa mbio zile, husimami ghafla. Na alidhani atapisha."

"Alidhani atapisha," wakili akarudia akiandika.

"Ndiyo. Alidhani, huyu mdogo, akisikia kishindo si ataruka pembeni? Kumbe yeye yuko kwenye nyusi za watu."

"Nimekuelewa. Hebu sikiliza, uone kama nimeandika sawa."

Wakili akamsomea mwanzo mpaka mwisho. Nyati alisahihisha mara mbili. Kilima kiliandikwa kirefu, yeye akasema ni kirefu sana. Kichuguu kilikuwa cha kulia, si cha kushoto. Kisha akaweka ukwato kwenye wino, akaugandamiza chini ya maandishi, akarudi nyuma kuutazama. Ulitoka vizuri.

"Sasa nina swali moja," akasema wakili. "Umande mtu anaweza kuuona, na mtungi anaweza kuuona. Lakini alichodhani mwenzio moyoni, akiwa mbioni, wewe ulikionea wapi? Tena siku hiyo, nasikia, ulikuwa msibani ng'ambo ya mto."

Nyati akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusahihisha. Akageuka kwa majirani, na majirani wote walikuwa wanamtazama, hata Kanga, tena bila kukunja shingo.

"Nilidhani atapisha," akasema mwishowe, sauti imeshuka.

"Hivyo ndivyo nilivyoandika," akasema Nungunungu.

Wakili akayapeleka maandishi kwa hakimu, na hukumu haikuchelewa, kwani maneno yalikuwa tayari na ukwato ulikuwa chini yake. Kila asubuhi na kila jioni, kwa miezi mitatu, Nyati alitakiwa asimame chini ya miamba mpaka watoto wa Bi Pimbi washibe. Akasimama. Chui alikuja siku ya kwanza, akaona pembe, akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Tabu na Siwema walikula mpaka matumbo yakawa ngoma, wakati Nyati akiwaambia kwamba jani huanziwa ncha, si shina. Bi Pimbi alilala mlangoni kwa pango, mguu ameunyoosha, akiwatazama wanawe wakitafuna, na safari hii machozi yalimtoka kwa raha. Na nyusi za mke wa Ngiri aliziombea radhi, ingawa radhi yenyewe ilichukua muda kuliko mguu.

Nami nimeishia pale walipoishia kunisimulia, nikabaki na hili moja la kuwapa: mjuaji usimtafutie shahidi, mwache asahihishe.