Makinda Juu ya Gunia

Hapo zamani, simu za kamera zikiwa zimeshafika hata milima ya Uporoto, mkulima aitwaye Tusekile alikuwa na jabali mwishoni mwa shamba lake la viazi. Jabalini waliishi bundi wawili. Kabla hawajaja, panya walimlia mbegu kila mwaka. Walipokuja, panya wakaisha.

Tusekile hakumwambia mtu. Kule, mwenye bundi huitwa mchawi, na bundi hufukuzwa kwa moshi.

Msimu wa baridi, umande ukiganda kwenye majani, akaja Lwitiko, mtoto wa dada yake, mpiga picha wa ndege. Bundi walikuwa na makinda. Akaomba kuwapiga picha.

"Piga, mwanangu," alisema Tusekile. "Ila mtu asijue ni kwangu."

Lwitiko akaapa. Kila alfajiri alilala kifudifudi kwenye baridi, akipulizia vidole pumzi. Hakuwasogelea. Picha ikatoka nzuri, akaiweka mtandaoni bila kutaja mahali. Lakini nyuma ya bundi lilionekana ghala la Tusekile, lenye kiraka chekundu kwenye bati. Kijiji kizima kilikijua kiraka kile.

Jirani wa Tusekile, Ambokile, akaiona picha. Mkewe alikuwa kitandani na homa ya mapafu. Akamwendea Tusekile, akamuuliza kama ana bundi. Tusekile akasema hana. Ambokile akajiambia: anayeficha bundi ndiye anayewatuma. Jioni akachoma majani mabichi chini ya jabali. Bundi wakaruka, wasirudi. Asubuhi makinda walikutwa wamekufa kwa baridi.

Mke wa Ambokile alikuwa ameshachomwa sindano zahanati kabla ya moshi ule, na ameanza kunywa uji. Usiku uleule wa moshi panya wakarudi. Wakamaliza mbegu yote ya Tusekile.

Asubuhi ileile Tusekile akawalaza makinda juu ya gunia tupu mbele ya kikao cha kitongoji. Mwenyekiti akaamua: mwenye kosa awazike, kisha alete mbegu.

"Mke wangu alikuwa anakufa," alisema Ambokile. "Nilikuuliza uso kwa uso, jirani, ukanidanganya. Ungesema kweli tungezungumza."

"Wale bundi wa kwenye paa la kanisa ulizungumza nao lini?" aliuliza Tusekile.

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kuwa bundi wa kanisani waliwafukuza kwa moshi wote pamoja.

Lwitiko akasema hakutaja mahali, hakudanganya, hakuwasha moto. "Mimi nilipiga picha tu, mama mdogo."

"Asubuhi zote zile uliwatazama bundi," alisema Tusekile. "Ghala langu hukuliona?"

Wengine wakamgeukia Tusekile: nani alimruhusu mwenye kamera? Nani alidanganya? Ambokile akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jua likapanda. Umande ukayeyuka kwenye manyoya ya makinda. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole, na hakuna aliyeinama kuwaokota.

Ninyi mliosikia, semeni: nani alistahili kuinama?