Vigae vya Nakiete

"Kigae hakililiwi, hutwangwa." Ndivyo mama yenu alivyomwambia Sifuni asubuhi, baada ya Sifuni kujifungia chumbani siku tatu kwa sababu ya matokeo ya mtihani. Sasa mnaniuliza mimi shangazi yenu neno hilo limetoka wapi. Nitawaambia, ila mikono isilale, mahindi haya hayajipukuchui. Wewe Sifuni, sogea karibu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, Mkanyeni. Wanawake wa huko walifinyanga kila mmoja kwake, lakini kuchoma walichoma pamoja, shimo moja, mara moja kwa mwezi, maana kuni zilikuwa mbali. Kabla ya kuwasha moto, mkubwa wao, Bi Mbazi, alimwuliza kila mwenye chungu swali moja tu: "Kimekaa kivulini siku kumi?" Akijibiwa ndiyo, basi. Hakuna aliyekagua. Neno la mfinyanzi lilitosha, kwani kila mtu alijua kwamba chungu kibichi kikiingia motoni hulipuka, na kikilipuka huvunja na vya wenzake.

Nakiete alikuwa binti wa miaka kumi na minane, mwenye mikono myepesi na papara nyingi. Chungu chake kikubwa cha kwanza kilikuwa na siku sita tu. Akikosa moto ule angengoja mwezi mzima, naye alitaka aitwe mfinyanzi upesi. Bi Mbazi alipouliza, akajibu bila kupepesa macho, "Siku kumi, Bibi."

Lo! Mtu hudanganywa, moto haudanganyiki. Kabla ya adhuhuri chungu kile kilipasuka kwa kishindo, kikavunja vyungu kumi na kimoja vya wenzake. Kimojawapo kilikuwa mtungi ambao Bi Mbazi alimfinyangia mjukuu wake aliyekuwa anaolewa. Hawakumtukana. Waliokota vigae vyote, wakajaza matenga mawili, wakamwekea mlangoni. Ndiyo ilikuwa desturi: aliyevunja alibaki na vigae, na shimoni hakukanyaga tena.

Basi akavililia. Miezi mitatu! Asubuhi anavitazama, jioni anavitazama. Laiti ningesema siku sita, laiti ningengoja. Ngoma haendi, shamba hana hamu nalo, nywele zimemsokotana. Majirani wakaja kumpa pole, na pole zao zilikuwa chungu kuliko matusi. Mmoja, Mama Kadeghe, alimpigapiga begani akasema, "Mwanangu, ndivyo ulivyoandikiwa. Wengine mikono yao si ya udongo. Zoea tu."

Hapo damu ikamchemka.

"Nizoee nini? Uongo nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Hakuna aliyeniandikia!"

Mama Kadeghe akaondoka akiguna. Nakiete akaburuta tenga moja hadi kwenye kinu, akamimina vigae, akashika mchi. Alitwanga kwa hasira, akikitukana kila kipande, hadi viganja vikatoka malengelenge. Tenga lilipokwisha akatazama ndani ya kinu. Palikuwa na unga mwekundu wenye chengachenga. Akausugua kwa vidole, akaona unakwaruza kama mchanga wa mtoni, ule ambao wafinyanzi huchanganya na udongo ili chungu kisipasuke. Tena huu, akawaza, umeshapita motoni. Moto utautisha kwa lipi?

Akafinyanga mtungi kwa udongo na unga ule. Akauweka kivulini, siku ya sita ikapita, ya kumi ikapita, hakuugusa hadi ya kumi na tano. Akachimba shimo lake uani. Kuni alizibeba mwenyewe kutoka mlimani, siku nne mfululizo. Kisha akaenda kwa Bi Mbazi mchana kweupe, wanawake wote wakiwapo.

"Kesho nachoma, Bibi. Njooni mtazame."

"Nani amekuruhusu?"

"Kwenye shimo lenu sina ruhusa. Hili ni langu. Nilisema uongo nikawavunjia vyungu, na hilo sitalikana mpaka nazikwa. Lakini nimelia miezi mitatu, na machozi hayakuwaungia hata mdomo wa chungu kimoja. Kesho mtungi wangu ukipasuka, nitautwanga nifinyange mwingine. Na huo ukipasuka, nitautwanga pia. Mkinichoka, nichokeni!"

Walikuja wote, wengine wapate la kucheka. Moto ukawaka hadi ukafifia wenyewe. Nakiete akautoa mtungi majivuni, na ulipopoa Bi Mbazi akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia ngee! Akaugonga upande wa pili, ukalia vilevile.

"Umekaa kivulini siku ngapi?"

"Kumi na tano."

Safari hii bibi hakuridhika na neno. Aliingiza mkono, akapapasa ndani yote hadi kitako.

"Humu umetia nini?"

"Vigae vyenu. Na mtungi wa mjukuu wako umo humo humo. Mpelekee."

Bi Mbazi akautoa mkono mtungini.

"Mtungi nimeupokea," akasema. "Kukusamehe bado. Mwezi ujao njoo shimoni na chungu chako, nami nitakuwa nakikagua mpaka nitakapochoka." Akajitwika mtungi, akapiga hatua mbili, akageuka. "Na huo mchi niazime. Na mimi nina vigae vyangu nyumbani, vya tangu usichana."

Tangu siku ile Mkanyeni hawakumwekea mtu vigae mlangoni bila kumwekea na mchi juu yake.

Haya, Sifuni. Mtihani umeanguka, na daftari ulikuwa hufungui, wote humu tunajua. Macho yamekuvimba ya kutosha. Mwaka ujao wanafungua tena mlango wa mtihani, na anayesema mikono yako si ya kalamu mlete hapa kwangu. Kigae hakililiwi... malizia mwenyewe, mwanangu. Hatukusikii! Sema kwa sauti: hutwangwa.